Televisheni Ukutani, Kola Mezani

Mama Pima ana karakana ya kushona sare za shule. Ina cherehani tisa, mafundi tisa na meza moja ndefu ya kukatia. Jina hilo alibandikwa kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni.

Asubuhi moja alipima kola ya shati mara tatu. Ilikuwa ndogo. Kola zote mia mbili zilikuwa ndogo.

"Hakuna aliyeona?"

Cherehani ziliendelea kunguruma.

Jioni alirudi nyumbani na hasira zake. "Nimewawekea televisheni kubwa chumba cha mapumziko! Bado wanashona kama wamefungwa kamba. Na fundi wangu bora anaacha kazi Ijumaa."

"Televisheni uliitaka wewe, mke wangu," mumewe alicheka. "Wao waliomba lini?"

Jirani yao, nesi, alikuwa amefuata sare ya mwanawe. Akauliza, "Fundi huyo si ndiye mwenye kichanga?"

"Ndiye. Kina miezi minne."

"Akiwa kazini ananyonyesha saa ngapi?"

"Sijui."

"Shoga! Wewe, Mama Pima mzima, umemshonea mtu nguo bila kumpima? Mpe mfanyakazi kinachomwondolea shida, naye moyo wake utatulia kazini. Waulize. Halafu nyamaza, usikilize."

Kesho yake aliwauliza. Fundi mwenye kichanga ndiye aliyeanza.

"Bosi, mimi nakamulia maziwa chooni, nimesimama. Nikirudi kwenye cherehani, blauzi imelowa na akili iko nyumbani. Hiyo televisheni niitazame saa ngapi?"

Wenzake waliangua kicheko. Mama Pima naye akacheka, ingawa kwa aibu.

Siku hiyohiyo televisheni iliondolewa. Chumba kikapata pazia, kiti cha kuegemea na beseni la kunawia. Bibi wa mtoto akawa anamleta mara mbili kwa siku, na muda wa kunyonyesha haukukatwa kwenye mshahara. Ijumaa ilipofika, fundi alikuwa kwenye cherehani yake.

Wiki mbili baadaye, Mama Pima aliinua mkasi akate kola mpya.

"Acha kwanza, bosi!" Fundi alitoka chumbani, mtoto begani. "Kipimo hicho ni kilekile cha zamani. Zitakuwa ndogo tena."

Mkasi ukabaki hewani.

"Zile za kwanza uliziona?"

"Niliziona."

"Mbona hukusema?"

Fundi alimpigapiga mtoto mgongoni. "Nilikuwa naondoka, bosi."

Mama Pima aliuweka mkasi mezani. Akavua futi shingoni, akampa.

"Haya, pima wewe. Mlete mtoto nimshike."