Kisanduku cha Peniamina

Kila Jumapili baada ya ibada, nyumba ya Lagimaina hapa Logan, Australia, hujaa watu. Viatu hutapakaa mlangoni mpaka mgeni akose pa kuvulia vyake. Mezani kuna magimbi, kuna nguruwe wa kuoka, kuna mboga ya majani iliyopikwa kwa tui la nazi. Mchungaji hula kwanza. Wazee hufuata. Watoto hula mwisho, na kila juma hulalamika.

Lagimaina hufanya kazi ya kuwahudumia vikongwe. Ana mtoto mmoja tu, Natanielu. Kaka wa Lagimaina, Peniamina, ni dereva wa lori la mizigo. Mama yao, Bibi Fuatino, anaishi mtaa wa pili. Ni nyumba tatu, lakini sisi Wasamoa tunazihesabu kuwa familia moja. Sufuria ya Lagimaina ikiwa kwa Peniamina, haijapotea.

Jumapili ninayoisimulia ilikuwa kubwa. Natanielu angecheza raga katika ligi ya juu kwa mara ya kwanza, huko Sydney. Mama yake hakupata ruhusa kazini, hakuweza kusafiri.

"Nitamwona kwenye runinga," Lagimaina alituambia kanisani. "Nimemlea miaka kumi na tisa kwa ajili ya saa hii. Nisipomwona, nitaugua."

"Dada, tulia," Peniamina akasema. "Hilo niachie mimi."

Kabla ya hapo, Lagimaina alikuwa akilipia huduma moja ya kutazama filamu mtandaoni. Kama ilivyo desturi, neno la siri alimpa kaka yake na mama yake. Siku moja Bibi Fuatino akiwa anatazama, maandishi yakajitokeza kwenye kioo: kifaa hiki si cha nyumba yako.

Peniamina alipoyasoma, alipandwa na hasira.

"Si cha nyumba yangu? Mama aliyenizaa si wa nyumba yangu? Hawa wazungu walifundishwa na nani maana ya nyumba?"

Tena huduma ile haikuwa na raga. Raga ilikuwa kwa kampuni nyingine. Katuni za watoto zilikuwa kwa kampuni ya tatu. Tamthilia ya Bibi Fuatino ilianzia kwa kampuni moja, kisha katikati ikahamishiwa kwa nyingine.

"Kila mmoja anataka alipwe kila mwezi," Peniamina akasema. "Nitalipa mangapi?"

Basi akaenda kwenye mnada wa Jumamosi. Akakutana na bwana mmoja mwenye visanduku vyeusi nyuma ya gari lake. "Unalipa mara moja tu," yule bwana akamwambia. "Unapata vyote. Dunia nzima iko humu ndani." Peniamina akanunua. Akarudi amekibeba kisanduku kifuani kama mtoto mchanga.

Jumapili ikafika. Tukala, tukashiba, tukaketi. Mchungaji alipewa kiti kikubwa. Mimi, mzee wa kanisa, nilikaa mkono wake wa kushoto, ndiyo nafasi yangu. Lagimaina aliketi sakafuni mbele kabisa, kioo usoni. Peniamina alisimama na rimoti, kama nahodha.

Mechi ikaanza. Picha ilikuwa inakwama na kuendelea, inakwama na kuendelea.

"Inapasha moto," Peniamina akasema.

"Ni runinga au ni jiko?" Bibi Fuatino akauliza.

Watoto wakacheka. Kisha tukamwona! Natanielu, jezi imembana mabegani, anaingia uwanjani. Lagimaina alishika kinywa kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka tu.

Mara Natanielu akaunyaka mpira. Akamkwepa wa kwanza. Akaanza kukimbia.

Hapo hapo picha ikabadilika.

Mahali pa uwanja pakatokea mwanamume na mwanamke, uchi kama walivyozaliwa, wamejaa kioo kizima. Na sauti yao ilikuwa juu kuliko ya mtangazaji.

Ndugu msomaji, kwetu kaka na dada hawatazami pamoja hata watu wakibusiana. Mmoja hutoka chumbani, au wote wawili. Ni heshima tuliyoikuta kwa babu zetu. Sasa pale alikuwapo kaka, alikuwapo dada, alikuwapo mama yao, na katikati yao mtumishi wa Mungu akiwa na kipande cha gimbi mkononi.

Peniamina akabonyeza rimoti. Haikusikia. Akabonyeza tena. Wale wawili wakaendelea na shughuli zao.

"Zima!" Bibi Fuatino akapiga kelele. "Zima, Peni! Yesu wangu! Zima!"

Peniamina akairukia runinga, akaikumbatia, akaifunika kwa mwili wake mnene. Picha ikazibwa, lakini sauti haikuzibika. Mke wa mchungaji ndiye aliyeinuka, akapita nyuma ya kabati, akachomoa waya ukutani.

Mchungaji alikuwa anatazama dari. Lagimaina alikwisha kimbilia uani, uso ameufunika kwa kanga ya kiunoni.

Mara kelele zikapasuka nyumba ya jirani. Halafu mzee Kelvin, mzungu wa jirani, akachungulia juu ya uzio.

"Lagi! Lagi! Umemwona mwanao? Amewapita watu wanne! Amefunga trai! Trai ya kwanza, mama!"

Lagimaina alisimama katikati ya uani. "Sikumwona," akasema.

"Hukumwona? Ulikuwa wapi?"

"Na wewe umemwonea wapi?"

"Kwenye runinga! Ya bure, ya antena. Mechi ya Jumapili jioni ni bure, Lagi. Hujui?"

Ya bure! Antena ya nyumba ile ilichomolewa siku runinga mpya ilipoletwa, na hakuna aliyeikumbuka tena.

Usiku ule Natanielu alipiga simu. "Mama, umeniona?" Lagimaina hakuweza kusema uongo, wala hakuweza kusema kweli. Alilia tu. Kijana akadhani analia kwa furaha.

Jumapili iliyofuata Peniamina hakuja kula. Wala ile ya pili. Kiti chake kilikuwa kitupu, na hakuna mtoto aliyethubutu kukikalia. Lagimaina naye, ukimtajia kaka yake, aliinamisha kichwa akaosha sahani iliyokwisha oshwa.

Ndipo mke wa mchungaji, tunayemwita Mama Mchungaji, alipoamua kuingilia. Mama huyu, Sulieti, siku za kazi hufundisha watu kompyuta kwenye maktaba ya manispaa. Alimwita Peniamina nyumbani kwa Bibi Fuatino, akaniita na mimi niwe shahidi.

"Peni, mwanangu, sikuja kukugombeza."

"Nigombeze tu, Mama Mchungaji. Mimi nimemwaibisha dada yangu. Lakini si mwizi. Nililipa!"

"Ulimlipa nani?"

"Yule bwana wa mnadani."

"Na yule bwana alimlipa nani?"

Peniamina akainua mabega.

"Hakumlipa mtu," Mama Mchungaji akasema. "Picha zile zimeibwa. Mwizi wa picha hapati riziki kwa picha zenyewe. Anakula kwa matangazo, na matangazo masafi hayaendi kwake. Ndiyo maana uliletewa yale ya uchi. Wala huwezi kumlalamikia mtu, maana hana ofisi. Sasa niambie, siku ya kwanza kisanduku kilikuuliza nini?"

"Barua pepe na neno la siri."

"Ukaweka neno gani?"

"Ninalo moja tu, Mama. La kila kitu."

"Hata la benki?"

"Hata la benki."

"Peni!"

Niliona rangi ikimtoka Peniamina. Mama Mchungaji hakumwacha apumue. Palepale alimkalisha na simu yake, akambadilishia neno la benki, kisha la barua pepe, kila moja na lake. Kwa bahati hakuna kilichokuwa kimechukuliwa.

"Nikuulize la mwisho," akasema. "Mshahara wa Natanielu unatoka wapi?"

"Kwa timu yake."

"Na timu inapata wapi?"

"Viingilio..."

"Viingilio ni kidogo. Fedha nyingi za ligi zinatoka kwa wale wanaolipia haki ya kuonyesha mechi. Sote tukitazama kwa mwizi, wao watalipa kwa nini?"

Peniamina akashika kichwa. "Kwa hiyo nilikuwa namwibia mpwa wangu, akicheza mechi yake ya kwanza?"

"Ndiyo."

Bibi Fuatino, aliyekuwa akisikiliza, akasema, "Na kampuni je? Wao hawana kosa? Waliniambia mimi si wa nyumba ya mwanangu!"

"Wana kosa, Bibi," Mama Mchungaji akajibu. "Wamekigawa kitu kimoja vipande vipande, na kila kipande wanakiuza peke yake. Watu wakichoka, wanakimbilia kwa mwizi. Kitu kikiwa rahisi kupatikana na bei ikiwa ya haki, wengi hulipa bila kusukumwa. Hilo tuwaandikie, tuwaambie. Lakini hatuendi kwa mwizi kwa sababu mwenye duka ana kiburi."

Kisha akawaonyesha njia. Kwanza, tafuta kama kitu kinaonyeshwa bure. Pili, usilipie huduma zote kwa pamoja. Lipia moja, itazame, isimamishe, ndipo uchukue nyingine. Maktaba nayo ina filamu za bure kwa kila mwenye kadi.

"Na hili la nyumba moja?" Bibi Fuatino akauliza.

Peniamina ndiye aliyejibu, polepole. "Wanataka tuwe nyumba moja. Basi tukae nyumba moja. Tutatazama hapa kwako, Mama. Sote."

Kisanduku alikipeleka kwenye vyuma chakavu. Antena aliifunga mwenyewe, juu ya paa la mama yake, jua likimchoma mgongo.

Jumapili ya mechi iliyofuata, viatu vilihamia mlango wa Bibi Fuatino. Lagimaina alikuja na sufuria ya mboga. Alimkuta kaka yake amesimama ukutani, hajui akae wapi. Alimpita, akampakulia sahani ya kwanza baada ya mchungaji, akampa kwa mikono miwili.

"Kula, Kaka," akasema. "Rimoti nimempa Mama."

Picha ilikuwa safi kama maji. Haikukwama. Wakati wa mapumziko likaja tangazo, na Peniamina akaruka na mto wa kiti, akaufunika uso wa runinga.

"Kaa chini, Peni," Bibi Fuatino akasema. "Hao wanauza rangi ya nyumba. Tena wamevaa nguo."

Nyumba nzima ilianguka kwa kicheko. Mchungaji alicheka mpaka akatokwa na machozi. Lagimaina alicheka, na kaka yake akacheka, wakitazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kipindi cha pili kikaanza. Natanielu akaupata mpira pembeni, akamkwepa wa kwanza, akaanza kukimbia. Safari hii mama yake alimwona mpaka mwisho.