Siku Mama Jiwe Alipojipima Mwenyewe

Ndugu zangu, mimi ni fundi saa. Kibanda changu kimeegemea duka la mpima dhahabu, na ukutani kati yetu kuna dirisha dogo lisilo na kioo. Kupitia dirisha hilo tumeazimana bisibisi, chumvi na maneno kwa miaka kumi na tisa. Jina lake halisi wengi hawalijui. Sote humwita Mama Jiwe.

Jiwe lenyewe ni jeusi, laini, linaenea kiganjani. Ulipomletea pete, aliisugua juu yake mara moja tu, ikaacha mstari mwembamba wa manjano. Pembeni alichora mstari wa pili kwa sindano yake ya dhahabu halisi, ili ailinganishe. Kisha alidondosha tindikali juu ya mistari yote miwili. Hapo hata mwenye kikohozi alikibana! Shaba hutoa povu la kijani, na mstari wake hufutika ukiutazama. Dhahabu haijali. Inabaki pale pale, inang'aa. Nimeliona jambo hilo mara elfu, na haki ya nani, mpaka leo mwili hunisisimka.

Asubuhi zetu zilikuwa tamu. Jua likiingia dukani, mama akipiga soga nami, bintiye akiosha vibakuli vya tindikali, mikononi kavaa glavu zake ndefu. Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na sita, na alitamani sana kupima.

"Mama, leo niachie jiwe walau kidogo."

"Utalishika nikifa," mama alimjibu, na sote tukacheka. Leo sioni kilichokuwa kinachekesha.

Siku moja nilivaa shati jipya, jeupe pe. Mama Jiwe akachungulia dirishani. "Ala! Fundi, hilo shati la manjano limekupendeza!" Nikadhani ananitania, maana utani ni wake. Baadaye nikaona chai inafurika kikombe na yeye bado anamimina. Kisha akaacha kutumia sindano. "Ya nini?" aliniambia. "Miaka yote hii, jicho langu ndilo sindano." Niliona yote hayo, jamani, nikashika hamsini zangu.

Ndipo akaja yule mshonaji wa mtaa wa nyuma. Mgongo ulikuwa umemshinda kuinamia kazi, akaamua kubadilishana vyerehani vyake viwili na bangili ya mfanyabiashara mpita njia, awe na akiba ya uzeeni. Hakukubali mpaka Mama Jiwe alipoipima na kusema ni dhahabu. Sasa alisimama mlangoni mkono juu, kifundo chote kimekuwa kijani.

"Mama Jiwe, tazama ulichonifanyia! Mwenye bangili kaondoka, vyerehani vyangu kaondoka navyo!"

Mama Jiwe alikuja juu. "Niliyoipima mimi ilikuwa dhahabu. Hii siyo. Imebadilishwa."

"Na nani? Sijaivua tangu uliponipa."

"Mwenyewe aliiacha niipime, ikalala hapa dukani kabla sijakupa."

Mshonaji akatazama kabati lenye kufuli. "Ufunguo wa hilo kabati anao nani?"

"Mimi na mwanangu."

Lo! Macho yote yakamgeukia binti. Watu walikuwa wameshajaa mlangoni, na minong'ono ikaanza. Binti aliweka kibakuli chini taratibu.

"Mama, kweli mimi ni mwizi?"

Mama Jiwe aliangalia kabati. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Nawaambia, ule ukimya wake ulimuumiza binti kuliko kofi.

"Basi mimi naenda polisi," mshonaji akasema, akageuka.

Nikamnong'oneza binti dirishani, "Mwanangu, jitetee! Hujui kwamba mama yako haoni?"

"Najua, mjomba," alinijibu kwa sauti ya chini, machozi yakimtiririka. "Tangu mwaka jana. Lakini nikisema mbele ya watu hawa, mama atabaki na nini?"

Binti alikuwa tayari kwenda kituoni kwa wizi ambao hakuufanya, ili mama yake asiaibike!

Lakini kilichoharibika kwa Mama Jiwe ni macho, si masikio. Nilimwona anashika ukingo wa meza.

"Mshonaji, rudi," alisema. "Lete hiyo bangili."

Alipapasa mtoto wa meza mpaka akapata sindano, imejaa vumbi. Akaifuta kwa kanga yake. Akachora mstari wa bangili, akachora na wa sindano, akadondosha tindikali. Povu la kijani likachemka, sote tukaliona. Mstari wa bangili ukafutika. Mama Jiwe aliinama mpaka pua ikakaribia jiwe, bintiye akamvuta bega asivute mvuke.

"Mimi naona miwili," alisema polepole. "Nyinyi mnaona mingapi?"

Watu wakamtazama binti.

"Mwanangu, mingapi?"

"Mmoja, mama."

Akasimama wima. "Basi sikilizeni. Bangili haikubadilishwa. Mwanangu hajaiba hata punje. Mimi ndiye sioni. Kwa macho haya kila kitu kimekuwa dhahabu, nikaona haya kusema." Akalichukua jiwe, akaliweka mikononi mwa bintiye. "Nisamehe, mama yangu. Nilitaka kukuchafua wewe ili mimi nibaki safi."

Binti akamkumbatia, jiwe likiwa katikati yao. Mimi fundi wa vitu vidogo sijapata kuona kitu kikubwa namna ile. Mwanamke mwenye jina kama lile, mbele ya mtaa mzima!

Hakuishia hapo. Alivua bangili yake mwenyewe, akamwambia binti aipime. Mstari ukabaki unang'aa, na bangili akapewa mshonaji. Kisha akatangaza kwamba kila kitu alichopima tangu mwaka uliotangulia kirudishwe kipimwe upya. Vilirudi thelathini na kimoja, na vinne vilikuwa bandia. Alilipa kwa mapambo yake mpaka shingo na mikono vikabaki vitupu. Hospitali walimkuta na mtoto wa jicho macho yote mawili, wakamfanyia upasuaji.

Bandeji ya mwisho ilipotolewa, alikuja moja kwa moja dirishani kwangu, akanikuta nimevaa shati lile lile.

"Fundi! Kumbe hilo shati ni jeupe!"

"Nilikuwa naogopa kukwambia."

"Na ni chafu," akasema. Binti alicheka mpaka akaweka jiwe chini.

FUNZO

Ndugu zangu, maradhi ya mwili si aibu. Aibu ni kuyaficha mpaka mtu asiye na kosa abebe lawama zako. Wazazi, waachieni watoto kazi mkiwa bado hai, muwaone wakiifanya. Nanyi majirani, msinifuate mimi. Nililiona tatizo tangu siku ya shati, nikacheka, na kidogo tu msichana mwema aitwe mwizi. Ukiona mwenzako anapotea, mwambie mapema, kwa upole, mkiwa wawili.

Na wiki iliyopita saa ya mteja ilinishinda, sikuiona skrubu. Nikafunga kibanda, nikaenda kupimwa macho. Aliyenishika mkono njia nzima ni Mama Jiwe.