Jogoo Aliyenyimwa Mgeni

Kila asubuhi pale Kasokola, Generosa aliwafungulia kuku wake kabla hajawasha moto. Severini, mumewe, alizoea kumtania.

"Kuku wanaamkiwa mapema. Mimi hata uji bado."

Kuku hao wekundu walikuja kwa treni wakiwa vifaranga, ndani ya boksi lenye matundu. Waliangulwa kwa mashine huko mbali. Walitaga vizuri, na Generosa alijivunia kweli kweli. Basi akamchukua jogoo mkubwa kuliko wote, akampeleka Mpanda kwenye maonyesho ya kilimo.

Mwamuzi alimfunua bawa. Ndani mlikuwa na manyoya meupe.

"Mama, huyu ni kuku mzuri wa nyama," alisema kwa upole. "Lakini hafikii kipimo cha Rodi Ailandi, wale kuku wekundu wa mbegu."

Generosa alirudi nyumbani na jogoo kwapani, mbele ya macho ya watu. Aliona haya, na roho ilimuuma.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yake Bibiana, aliyewahi kutunza kuku wa masista kule Karema.

"Dada, wamenionea. Huyu si mwekundu?"

"Wekundu peke yake hautoshi," alisema Bibiana. "Hawa wa mashine huangulwa wengi kwa mpigo, watu wapate mayai na nyama. Usiwadharau, wanakulisha. Ila kuku wa mbegu wana kipimo chao kilichoandikwa. Mgongo mrefu uliolala sawa. Miguu ya manjano. Upanga wa kichwani umesimama wima. Rangi imekolea mpaka ndani ya bawa. Wanaofikia kipimo ndio wanaozalishwa, wengine wanaliwa. Ukifanya hivyo miaka mingi, watoto wanafanana na wazazi."

Kisha akauliza, "Nyie mgeni akija mnachinja yupi?"

"Aliye bora. Ndiyo heshima."

"Basi aliye bora anaingia chunguni, mnyonge anabaki kuwa baba wa vifaranga."

Maneno hayo yalimwingia Generosa.

Bibiana alimpa mayai ya kuku wake wa mbegu. Generosa akayaweka chini ya kuku wa kienyeji aliyekuwa akiatamia. Vifaranga walipokua, alichagua bila huruma. Akapata jogoo mmoja ambaye hata Severini alisimama kumtazama.

Maonyesho mengine yalipokaribia, Mzee Telesphor, baba yake Severini, alikuja kutoka Mamba kuwatembelea. Severini akachukua kisu, akaenda bandani moja kwa moja. Akamkuta mkewe amesimama mlangoni.

"Huyu hapana," alisema Generosa. "Chinja yule mnene wa mashine."

"Unataka baba aseme nimemnyima?"

"Huyu ndiye atakayetuzalishia. Tukimla leo, tunaanza upya."

"Haijawahi kufanyika kwetu, mama Rafaeli. Sogea."

Mzee alikuwa ametoka nje na kuyasikia yote. Generosa akapiga magoti, macho chini. Mkwe hajibizani mbele ya baba mkwe. Lakini pale mlangoni hakutoka.

"Mwache aseme," Mzee alimwambia mwanawe.

Generosa akaeleza: mgongo, miguu, upanga, rangi ya bawa. Akaeleza pia jinsi aliye bora anavyoishia chunguni. Mzee akainama kumtazama jogoo.

"Maisha yangu yote nimekula majogoo bora wa wanangu," alisema. "Ndiyo maana kuku wetu kule Mamba wamebaki wadogo kama njiwa. Severini, chinja wa mashine."

Wakamla yule mnene na ugali, na Mzee akasifu mchuzi.

Siku ya maonyesho, mwamuzi alimgeuza jogoo huku na huku, akamfunua mabawa yote mawili. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamkabidhi Generosa kadi ya mshindi wa kwanza. Wanawake wakamzunguka, kila mmoja akitaka mayai ya mbegu. Generosa alisimama wima, kichwa juu, akicheka.

Mzee Telesphor alipenya katikati ya watu, akimshika bega kila aliyemkuta.

"Yule ni mkwe wangu," alikuwa akiwaambia. "Na jogoo yule, mimi ndiye niliyenyimwa."