Huguette na Bawa la Kitambaa

Huguette ni fundi wa kushona. Anakaa Albert Park, mjini Durban, pamoja na mumewe Anaclet na binti yao Laurette. Cherehani yake iko chini ya jengo lao, pembeni ya saluni. Hapo huwashonea akina mama wa Kongo libaya, yaani blauzi, za kitenge. Libaya ya Huguette humkaa mtu barabara, wala haipwayi hata kidogo. Hiyo ndiyo fahari yake, na haoni haya kuisema.

Lakini mwaka 2012 fahari ilikuwa mashakani. Mwenye jengo alitaka ile sehemu ya cherehani, na Huguette hakujua aende wapi.

Siku moja alikuja Tito, Mtanzania, fundi wa ndege ambaye pia ni rubani. Alifuata suruali yake. Akaugeuza mshono, akautazama kwa makini.

"Dada Huguette, unaweza kushona bawa la ndege?"

Huguette alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kaka Tito, acha kunichekesha. Ndege iko ya chuma."

"Ninayoitengeneza mimi ni ya kitambaa. Bawa moja likitoka vizuri, utashona yote. Ukitaka, cherehani yako itahamia kwenye banda letu la ndege."

Jioni Anaclet alisikia habari hiyo, akatikisa kichwa. "Mama Laurette, wamekudanganya. Kitambaa kibebe mtu huko juu? Hapa kwetu upepo unabeba mashuka yetu mpaka kwa jirani!"

"Si unaona?" Huguette akajibu. "Mashuka inaruka."

Alitania, lakini moyoni aliogopa. Kwao Kivu, huko Kongo, wakati wa vita, ndege iliposikika watu walikimbilia migombani. Hakuwahi kuitazama ndege bila kutaka kujificha.

Basi akaenda. Banda lilikuwa kwenye uwanja mdogo wa ndege, kaskazini mwa mji. Aliingia, akainua macho. Ndege ilikuwa na mabawa juu na mabawa chini, kama ghorofa. Moja lilikuwa limevuliwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mbao nyembamba, zimepangwa kama mbavu za samaki.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Njo hii inabeba watu?"

"Inaitwa Tiger Moth," Tito alisema. "Walianza kuitengeneza Uingereza, miaka ya thelathini. Vita kuu ya pili ilipokuja, vijana wengi waliletwa huku Afrika Kusini kujifunza kurusha ndege. Huku jua lilikuwa jingi, na adui hakuwa angani. Mwalimu alikaa mbele, mwanafunzi nyuma. Walisemezana kwa bomba hili la mpira, maana upepo ulikuwa na kelele."

"Na bomu, walikuwa wanaweka wapi?"

"Hii yetu ilibeba wanafunzi tu. Ilikuwa darasa. Na siku mwanafunzi alipoiva, mwalimu alishuka. Alifunga mikanda ya kiti chake kitupu, akamwambia, nenda peke yako."

"Peke yake? Ndani ya kitambaa? Eish!"

Huguette aliigusa ile ndege kwa kidole kimoja. Alistaajabu kwamba mikono ya watu, kwa mbao na uzi, ilitengeneza kitu cha kupanda angani.

Tito alimweleza kazi. Kitambaa hushonwa kama foronya, bawa likavishwa. Kisha kwa sindano ndefu hufungwa kwenye kila ubavu, juu na chini. Mwisho hupakwa dawa ya kukikaza.

"Foronya iache ipwaye kidogo," alisema.

Huguette aliitikia. Lakini alipoivisha bawa na kuiona imelegea, aliona aibu. Nguo ya namna hiyo, mteja angemrudishia! Tito hakuwapo. Huguette akaivua, akaipunguza kwa upana wa kidole, akaivisha tena. Ikabana vizuri kama libaya ya harusi.

Tito aliporudi, hakugundua kitu; wakaifunga kwenye mbavu, wakapaka dawa. Ilinuka kama rangi ya kucha ya pale saluni. Kesho yake asubuhi walikuta bawa limepinda ukingo wa nyuma, na ubavu mmoja umepasuka.

"Ulipunguza?" Tito aliuliza.

"Nilipunguza, Kaka. Nilisikia haya."

"Dada, bawa si libaya. Hii dawa ikikauka, inakivuta kitambaa yenyewe. Wewe umebana, na dawa ikabana tena. Mbao zingekwenda wapi?"

"Na kama ingekuwa hewani?"

"Bawa lililopinda haliirushi ndege sawasawa. Mtu angeweza kufa."

Huguette alikaa sakafuni. "Tafuta fundi mwingine," alisema. "Mikono yangu imezoea kubana."

Tito alitengeneza ule ubavu na kulinyoosha bawa. Siku alipomaliza, alimwita Huguette. Akatandika kitambaa kipya, akamwekea mkasi mkononi. Kisha akaelekea mlangoni.

"Unaenda wapi?" Huguette aliuliza kwa hofu.

"Kunywa chai. Shona peke yako."

Huguette akakikumbuka kile kiti kitupu. Akakata, akashona. Foronya ikapwaya, na safari hii akaiacha ipwaye, ingawa vidole vilimwasha. Dawa ilipokauka, kitambaa kilijikaza chenyewe. Alikigonga kwa kidole, kikalia kama ngoma, na mwili ukamsisimka.

Mkaguzi wa ndege alikuja, akalipitisha bawa. Huguette akashona mengine yote, na cherehani ikahamia bandani.

Ndege ilipokamilika, Tito aliirusha kwanza peke yake. Alipotua, alimwita Huguette akae kiti cha mbele. Anaclet alisimama uwanjani, mikono kichwani, huku mkewe akipaa. Chini ilionekana bahari yote, na Durban nzima, na maghorofa ya Albert Park yakiwa madogo. Yule aliyekimbilia migombani sasa alikuwa juu ya kila kitu.

Sauti ya Tito ikaja katika lile bomba la mpira. "Dada, mbona kimya? Unaogopa?"

Huguette alikuwa ameinua uso, anatazama bawa la juu. Upepo ulilipiga kwa nguvu, nalo lilitulia tuli.

"Siogopi," alisema. "Naangalia mshono wangu."