Kiti cha Anayebisha Hodi

Lifti ya jengo la ghorofa nane iligoma saa mbili na nusu asubuhi, saa ambayo kila mtu ana haraka na hakuna mwenye subira. Ukumbi wa chini ukajaa watu, mabegi na lawama. Katikati ya zogo hilo alisimama binti mmoja, gauni la zambarau, kitambaa cheupe shingoni, hana habari na mtu. Alikuwa fundi wa kukata vioo vya miwani ghorofa ya sita, na simu yake ilikuwa inapiga wimbo wa mwanzo wa tamthilia.

Sauti ya kiume ikapanda kutoka shimoni, chini ya lifti. "Hiyo si *Anayebisha Hodi*? Msimu wa mwisho umeanza?"

"Umeanza juzi! Basi hapo mwanzo yule mzee..."

"Dada, ishia hapo hapo! Sijatazama! Ukinisimulia naweka spana chini, mpande ngazi mpaka kiyama."

Ukumbi mzima ukamgeukia binti. "Dada, tafadhali, nyamaza!"

Akanyamaza huku akicheka. Dakika kumi baadaye akatokeza kijana mwenye ovaroli ya buluu, grisi shavuni, na macho yaliyoonyesha kwamba hakulala vizuri lakini hajali. Akamfungulia mlango wa lifti kama mwenye nyumba. Walipofika ghorofa ya sita, binti alikuwa na namba yake ya simu, na hata leo hajui aliiomba nani.

Tamthilia yenyewe ni hii. Baba aliyekufa anarudi nyumbani kila jioni. Anabisha hodi, na anayemsikia ni binti yake wa mwisho peke yake. Anaingia, anakaa kwenye kiti chake dirishani, anauliza, "Siku ilikuwaje, mwanangu?" Basi. Watu walikuwa wakilia nayo misimu mitatu.

Huyu fundi miwani alilia kuliko wote, maana baba yake mwenyewe alikuwa amefariki miezi kumi na moja nyuma, na kiti chake kilikuwa bado sebuleni, dirishani, hakikaliwi na mtu. Wageni walisogezewa kigoda. Kila Jumamosi, tamthilia ikianza, binti alikuwa anatupia kile kiti jicho la pembeni. Usimcheke.

Kwa hiyo walipoanza kupendana, walipendana kwa sharti. Sehemu mpya ilikuwa inatoka Jumamosi adhuhuri, na wao wanatazama saa kumi wakishatoka kazini, kila mtu kwao, simu sikioni.

"Bila mwenzio hutazami hata wimbo," binti alisema.

"Naapa kwa spana zangu zote, Miwani."

"Haya. Moja, mbili, tatu..."

"Bonyeza!"

Kisha saa nzima ya pumzi ya mtu sikioni, mwanga wa jioni ukitambaa ukutani kwa binti na kwa kijana, kana kwamba nyumba mbili zimeunganishwa kwa uzi. Mara nyingine hawakusema neno. Mara nyingine binti alimsikia kijana akimeza machozi, akamtania, naye akasingizia mafua.

Sehemu ya tisa ilimtoa binti machozi mpaka Jumatatu. Aliharibu vioo vya wateja wawili. "Akiondoka yule mzee," alimwambia kijana, "sijui nitafanyaje. Nitakuwa nimefiwa mara mbili."

Jumamosi ya sehemu ya kumi, ya mwisho, alisahau kuzima kelele za kundi la mashabiki kwenye simu. Saa nane mchana akalifungua alizime. Lo! Moto ulikuwa unawaka. Mmoja kaapa kuuza runinga. Mwingine anataka waandishi washtakiwe. Na juu ya yote, penye picha ya spana ya kijana wake, ujumbe wa saa saba na dakika ishirini: *Kiti kimepata mtu. Mwacheni mzee apumzike.*

Akampigia simu.

"Umetazama?"

"Nimetazama, Miwani. Niache nikueleze..."

"Ulikuwa na haraka ya kwenda kuwaandikia mashabiki!"

"Sivyo, mpenzi."

"Na mzee wa kuachwa apumzike ni yupi? Wa kwenye runinga, au wangu?"

Hakusubiri jibu. Akamfungia namba. Wiki mbili alipanda ngazi ghorofa sita kwa miguu, asiiguse lifti iliyoguswa na mikono ile. Sehemu ya kumi hakuitazama. Maadamu hajaitazama, mzee alikuwa bado hajaondoka.

Jumamosi ya tatu mama yake, akikunja nguo, akamuuliza, "Mbona ile ya kubisha hodi huitazami siku hizi?"

"Yule wa lifti alitazama bila mimi."

Mama akaacha kukunja. "Nilimtuma mimi."

"Mama!"

"Alinipigia asubuhi ya ile sehemu ya mwisho. Anauliza kama utaiweza, ulivyo. Nikamwambia tazama wewe kwanza, mwanangu, kisha uniambie nijiandae. Hajakwambia?"

Hakumwambia. Alinunua lawama nzima, akaibeba, ili mama mtu asionekane mbea.

Binti akaifungua namba, akampigia. "Wewe una akili kweli? Kwa nini hukusema?"

"Hukunipa nafasi. Halafu ni mama yako, Miwani."

"Na kule kwenye kundi ulienda kufanya nini?"

"Walikuwa wanamtukana mzee," akasema taratibu. "Nikasahau kwamba ni runinga. Nisamehe."

"Njoo. Sasa hivi."

Alikuja na shati la rangi ya limau lililopigwa pasi mpaka linang'aa, kucha zimesuguliwa, grisi kidogo bado sikioni. Akasimama katikati ya sebule. Kigoda kilikuwa kimejaa nguo alizokunja mama.

"Kaa pale," binti akasema.

Kijana akatazama kiti cha dirishani. "Nimezoea kusimama."

"Nimesema kaa."

Akakaa ukingoni, kwa adabu, na kiti kikatoa ule mlio wake wa zamani. Jikoni vyombo vikatulia. Mama akatokeza na vikombe viwili vya chai, akamtazama kijana kitini, muda mrefu.

"Mguu wa nyuma unacheza," akasema mwishowe. "Baba yake kila siku alikuwa anasema ataurekebisha."

"Nitaurekebisha, mama. Jumamosi ijayo."

"Na Jumamosi zinazofuata?" binti akauliza. "Mimi nataka mtu wa kuniuliza siku ilikuwaje. Kila jioni."

"Miwani, nije na wazee wangu?"

"Njoo nao."

Mama akampa kijana kikombe kimoja, binti cha pili, akarudi jikoni kuchukua cha tatu. Jua lilikuwa limefika dirishani. Binti akavuta mkeka karibu na kile kiti, akajifuta macho kabla hata hayajalowa vizuri, akashika simu.

"Moja," akasema. "Mbili."

Wakamsubiri mama.