Ukoo Mzima Wampigia Kura Mume wa Shatha

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya haki," alijibu Bi Jawaher, miwani iko puani, kidole bado kiko juu ya simu. "Kila mtu atoe rai yake. Siku hizi ndo mambo yanavyokwenda."

Shatha akaitazama simu yake. Grupu la ukoo, ambalo siku zote ni la dua za Ijumaa na picha za biriani, leo lilikuwa na kura. Swali limewekwa juu kwa herufi kubwa kama tangazo la msiba: SHATHA ABAKI NA MUATASIM AU ATOKE? Chini yake majibu mawili: Abaki. Atoke.

Na watu walikwishaanza kubonyeza.

Ilikuwa mchana wa Ijumaa, nyumbani kwao Hail, Muscat, sinia la wali halijaondolewa mkekani. Binamu mmoja wa Dubai, ambaye hata sura ya Muatasim haijui, alibonyeza Atoke akatia na vikatuni vitatu vinavyolia. Kijana mmoja wa Unguja, ambaye hata Bi Jawaher hakumbuki ni mtoto wa nani, naye alibonyeza Atoke. Ami Humam alibonyeza Abaki, mkewe akamchungulia begani, mara Abaki yake ikageuka Atoke. Mwanamume hodari kweli yule.

"Mama, mimi ni mke wa mtu. Milka tumeshafunga, nikaha imesomwa. Ninapigiwa kura kama bei ya mafuta?"

"Milka imefungwa, harusi bado. Na milka yenyewe tumefungishwa kwa uongo. Baba yako alimuuliza wazi: mwanangu, Uingereza ulikuwa ukifanya kazi gani? Akasema mikahawa. Mikahawa! Kumbe mkahawa wenyewe una mapipa ya pombe."

Shatha akainamisha kichwa, akajifanya anaokota punje za wali.

Balaa lilianza asubuhi, kwa picha iliyotumwa na Shangazi Nadra anayekaa Portsmouth. Muatasim wa miaka ile, kijana, shati jeusi, kasimama nyuma ya kaunta ya baa. Na si baa moja ya kichochoroni, bali moja ya zile zenye matawi nchi nzima, kila mji unaikuta, zulia lile lile na menyu ile ile. Mkononi kashika kikadi cha kuwekea gilasi, kimeandikwa kwa Kiingereza: TUTOKE. Ni ule mwaka Waingereza walipopiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, na tajiri wa baa zile alikuwa na hamu ya kutoka kuliko mtu aliyebanwa na haja.

Chini ya picha Shangazi aliandika: "Huyu ndiye mkwe wenu. Anauza pombe, na bado akatufungia duka."

Maana Nadra alikuwa na duka la vyakula vya halali kule. Kuku wake wakitoka Uholanzi. Nchi ilipotoka kwenye umoja, kila kuku akawa anataka makaratasi mengi kuliko abiria, mpaka duka likafungwa. Tangu siku hiyo kila aliyesema "tutoke" ni adui yake. Pombe alikuja kuitia baadaye, kama chumvi.

Lakini Shatha alikuwa na lake moyoni, na ndilo lililomfanya asile. Yeye alijua. Wiki ile ya posa, kabla ya milka, Muatasim alimpigia akamwambia kila kitu: baa, kaunta, umeneja, na namna alivyoiacha kazi ile kwa toba akarudi Muscat kusimamia maduka ya chai ya maziwa. Akasema, "Nataka nimwambie baba yako." Na Shatha ndiye aliyemjibu, "Usithubutu. Baba hakuozeshi. Sema mikahawa, inatosha." Kijana wa watu alikataa mara ya kwanza. Shatha alipombembeleza, akakubali.

Sasa ukoo mzima unamhukumu Muatasim kwa uongo, na mwenye uongo wake anaokota punje za wali.

Akaingia chumbani, akafunga mlango, akapiga simu.

"Umeona?"

"Nimeona," alisema Muatasim. Sauti yake ilikuwa tulivu, ule utulivu wa mtu aliyekwishakasirika mpaka akamaliza. "Mama yangu naye kaona. Kuna mtu kamrushia."

"Hilo la vikadi ni kweli?"

"Hilo sikukwambia kwa sababu hukuniuliza, si kwa kuficha. Ni kweli. Tajiri alitupelekea maboksi, kila gilasi ikae juu ya neno lile. Na mimi sikulazimishwa, Shatha. Niliamini. Nlikuwa kijana, nimechoka kuona mambo yetu yanaamuliwa mbali na watu tusiowajua. Basi nagawa, na huku nawauliza wazee wanaokuja asubuhi: haya, mnatoka kwenda wapi? Mmoja anatoka kwa sababu ya samaki. Mmoja kwa sababu mpwa wake kakosa nyumba. Mmoja kwa sababu mkewe kasema abaki."

Shatha akacheka bila kutaka.

"Halafu?"

"Halafu tukashinda. Nlikuwa na mpishi Mreno, Tiago. Siku ile alikuja kazini kama kawaida, akakaanga mayai ya watu, akavua aproni. Akanambia, 'Bosi, ungeniambia tu kama hunitaki.' Nikamwambia, si wewe, ni wale wakubwa wa Brussels. Akasema, 'Lakini mimi ndo niliye hapa jikoni.'"

"Ukamjibu nini?"

"Mpaka leo namtafutia jibu."

Nje ya dirisha la Shatha jirani alikuwa anaosha gari kwa maji mengi kama anaosha tembo.

"Kwa hiyo walikosea kutoka?" akauliza Shatha.

"Sijui. Wapo walionufaika, wapo waliofunga duka kama shangazi yako. Hilo wasomi wanabishana mpaka kesho. Ninalolijua mimi ni kuwa watu walipigia kura neno moja, na kila mtu alitia lake ndani ya neno lile. Na mengi hawakuambiwa." Akavuta pumzi. "Hata hao wa grupu lenu hawajaambiwa yote."

Shatha akahakikisha mlango umefungwa.

"Utawaambia?"

"Mimi? Hapana. Hilo ni lako."

"Muatasim, baba yangu..."

"Najua. Ndo nasema ni lako. Mimi nikishatolewa, nitatoka. Kura ya watu huheshimiwa, hata ikikuumiza. Nlikuwa nikiwaambia hivyo wenzangu walioshindwa. Sasa zamu yangu."

"Unajifanya mwanasiasa na ndoa yetu!"

"Na wewe unajifanya bubu," alisema, akakata simu.

Kesho yake Bi Jawaher alitangaza matokeo akiwa jikoni, mwiko mkononi. Atoke imeshinda, si kwa wingi mkubwa, lakini imeshinda.

"Ingelikuwa Abaki, ungelikubali?" Shatha alimuuliza.

"Ningelipiga tena," alisema mama yake bila haya.

Baada ya alasiri Muatasim akaja. Kavaa dishdasha nyeupe, kilemba kakifunga vizuri, uso umesinyaa. Mzee Majid, baba yake Shatha, alimkaribisha kwenye majlisi ya wageni kwa salamu zote, maana mtu akija kuachishwa mke huulizwa kwanza hali ya mama yake na afya ya wadogo zake. Shatha alikuwa nyuma ya mlango na sinia la halwa na kahawa.

"Mwanangu," alianza Mzee Majid, "kazi ya mtu alipokuwa kijana ni baina yake na Mola wake. Toba ipo. Mimi linaloniuma si baa. Nilikuuliza, hukunambia."

"Kweli, ami. Sikukwambia."

"Kwa nini?"

Muatasim akatazama zulia. Shatha akasogeza sikio mlangoni. Neno moja tu, akasema moyoni, aseme tu "binti yako", na mimi nimeanguka.

"Niliogopa kumkosa," akasema Muatasim.

"Peke yako ulifikiri hivyo?"

"Peke yangu, ami."

"Basi ukoo umesema. Na mimi sina nguvu ya kupigana na ukoo."

"Nimeyapokea. Sitamzuia. Nambie lini nije na mashahidi."

Hapo ndipo sinia lilipotua. Halikuanguka, ila lilitua mezani kwa kishindo kilichomwaga vikombe viwili. Shatha alikuwa ameshaingia, shela imemtoka kichwani nusu, na hata salamu hakutoa.

"Hakuwa peke yake, baba."

"Shatha, rudi ndani."

"Sirudi. Alitaka kukwambia. Mimi ndo nliyemkataza. Alinambia yote kabla ya milka, na mimi nikamwambia sema mikahawa. Neno la mikahawa ni langu. Ukoo umempigia kura mtu kwa uongo wangu."

Bi Jawaher, aliyekuwa akisikiliza kutoka dirisha la jikoni kama mama yeyote mwenye akili, akasahau kuwa anajificha.

"Weye?" alipaza sauti. "Weye ulojifanya huna habari, nikakupikia na uji nikidhani unaumwa?"

"Mimi, mama."

"Ya Rabbi. Na mimi nimeshatangaza mpaka Dar es Salaam!"

"Jawaher, toka dirishani," alisema Mzee Majid. Kisha akamgeukia binti yake, na hasira yake ilikuja polepole, ile inayotisha. "Tangu jana unamtazama anapigwa mawe, umekaa unakula?"

"Sikula, baba."

"Hiyo ndiyo toba yako? Kutokula?"

Machozi yalimtoka Shatha, lakini baba yake hakuyatazama. Alimtazama Muatasim.

"Na weye ungeandika talaka, ukaondoka nayo siri hii?"

"Ndiyo, ami."

"Mjinga," alisema Mzee Majid, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ililainika. "Mmoja anasema uongo, mwengine anaulinda. Talaka haiandikwi hapa leo. Nendeni mkamalizane wenyewe. Mkinijia tena mnijie na kauli moja. Na grupu hilo asipige mtu kura tena humo, hata ya rangi ya keki."

Shatha alimfuata Muatasim mpaka kwenye gari.

"Nimesema," akamwambia.

"Nimesikia."

"Bado umekasirika?"

"Shatha, umesema baada ya mimi kumaliza kukubali. Ungeweza kusema asubuhi." Akafungua mlango wa gari. "Na hapa si pa kuomba radhi. Mama yangu tangu jana hajafungua pazia. Majirani wote wa kwetu Darsait wameiona ile picha. Yeye alikufanya nini?"

Gari likaondoka. Shatha alibaki amesimama, kisha akarudi ndani, akatwaa funguo za gari la mama yake bila kuomba. Hilo nalo lilikuwa kosa, lakini siku ile makosa yalikuwa mengi, moja zaidi lisingeonekana.

Kule Darsait, Bi Ruqaya, mama yake Muatasim, alifungua mlango mwenyewe. Mwanamke mfupi, kanga kiunoni, macho mekundu.

"Karibu. Umekuja kurudisha vitu vyetu vya posa?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Uongo ulikuwa wangu. Muatasim alitaka kusema, mimi nikamzuia. Halafu nikanyamaza."

"Yeye hakunambia hivyo. Kanambia ni yeye." Bi Ruqaya akaketi juu ya kigoda cha mlangoni. "Unaijua baa ile weye? Miye naijua. Nlikuwa nikienda kumtazama Uingereza, asubuhi ananiweka dirishani na buibui langu, nanyweshwa chai mpaka naomba basi. Wazee wa Kizungu saa tatu asubuhi wana gilasi zao, wananambia gudi moni, mamaa. Nami najibu, nacheka nao, nikirudi chumbani nalia. Nikamwomba Mungu amtoe mle. Akamtoa. Sasa nyie mwamrudisha."

Shatha akapiga magoti pale pale kizingitini, viatu bado viko miguuni.

"Nisamehe, mama."

"Leo sikusamehe."

"Basi nitakaa."

"Utakaa wapi?"

"Hapa. Mpaka uweze."

Bi Ruqaya akamtazama kwa muda, kama anayetazama samaki sokoni kujua kavuliwa leo au juzi.

"Vua viatu basi," akasema. "Na kama unakaa, usikae bure. Nna vitunguu jikoni havijakatwa tangu jana."

Muatasim alirudi baada ya magharibi, na mkate kwapani. Alikuta mapazia yamefunguliwa na harufu ya mchuzi imejaa mpaka ngazini. Akasimama mlangoni mwa jiko. Shatha yuko mbele ya moto, mikono ya abaya kaikunja, macho yanatiririka, na vitunguu vinabeba lawama.

"Mama kakusamehe?"

"Bado."

"Na mimi bado."

"Najua."

"Nlikuwa nimekwisha kukuacha moyoni, Shatha. Njia nzima kwenda kwenu nlikuwa nikijifundisha kuishi bila wewe. Kitu kama hicho hakifutiki kwa mchuzi."

"Sikukwambia kitafutika." Akajipangusa uso kwa kiwiko. "Wewe ulisema utatoka ukitolewa. Mimi sikutoi. Na nikitaka kutoka nitakwambia kwa mdomo wangu, uso kwa uso, sitapitia kwa mtu. Hilo tu ndo ninaloweza kukuahidi leo. Sasa nipishe, vinaungua."

Muatasim akampisha. Akauweka mkate juu ya friji, akavuta kigoda, na jikoni hakutoka.