Kura ya Thozama

"Simtaki huyo binti wa tume anishikie kalamu," Thozama alisema. "Nataka unishikie wewe, Bhele."

Mncedisi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anapoza uji wa mkewe kwa kijiko. Bhele ni jina la ukoo wake, na tangu waoane mkewe hakuwahi kumwita kwa jingine; naye alimwita mkewe MaMiya, kwa ukoo wa kwao. Akajifanya hakusikia.

"Nakuongelesha wewe."

"Nimesikia, MaMiya. Nikushikie, halafu niweke wapi?"

"Kwa Sista Nobantu. Ni wa mwisho kabisa kwenye karatasi ya kura. Lindelwa kanisomea kwenye simu."

Uji ukamwagikia shuka.

Sukari ilikuwa imemla Thozama macho yote mawili, na sasa ilikuwa inamalizia figo. Diwani wa kata yao pale Kwazakhele, Afrika Kusini, alikuwa amefariki, uchaguzi mdogo ulikuwa Jumatano, na siku moja kabla yake watu wa tume ya uchaguzi wangepita majumbani na sanduku lao kuchukua kura za wagonjwa. Asiyeona huchagua mwenyewe mtu wa kumwekea alama. Kasheshe ilikuwa hapo, maana Mncedisi alikuwa katibu wa tawi la chama, na Sista Nobantu, muuguzi mstaafu, alikuwa mgombea binafsi aliyekuwa akikipeleka chama hicho puta kata nzima.

"Mwambie mwanao aje akushikie," Mncedisi alisema, akifuta shuka.

"Lindelwa yuko Cape Town. Na yeye si mume wangu."

"Wewe ndiye uliyeniingiza chamani, MaMiya."

"Najua. Na mimi ndiye niliyetangulia kutoka."

Ilikuwa kweli. Mwaka wa themanini na tano, vitongoji vikiwaka moto, Mncedisi alikuwa kijana wa kiwanda cha matairi, mpenda mpira na viatu vizuri. Siku moja aliingia ukumbi wa kanisa kumtafuta kaka yake, akamkuta binti mwembamba amesimama juu ya benchi, anawasema watu wazima kwa uoga wao. Hotuba yenyewe hakuisikia. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, na siasa zake zote aliziokota pale kwa kumwangalia msichana. Walikimbizwa na polisi pamoja, wakafungwa mbalimbali, na walipotoka wakaoana.

Watu husema mtu akizeeka hupoa. Kwa hawa wawili umri ulimpeleka kila mmoja njia yake. Yule mpenda viatu akawa mtu wa chama mpaka kwenye mifupa. Yule wa kwenye benchi akaanza kuuliza maswali, kisha akaacha kuuliza, na Thozama akiacha kuuliza ujue amekwisha kuamua.

Kilichomtoa hasa ni kifo cha mdogo wake, Nomalizo, miaka ile dawa za virusi vya ukimwi zilipokuwa hazitolewi hospitalini na wakubwa wanabishana juu ya vichwa vya wagonjwa. Sista Nobantu ndiye aliyekuwa akija kumwogesha. Thozama alimwomba mumewe jambo moja tu: asimame kwenye mkutano wa tawi, aseme mbele ya wakubwa kwamba watu wanakufa. Mncedisi akaahidi. Jioni akarudi, akasema, "Nimesema, na wamenisikiliza." Thozama akampikia kuku. Baada ya kumzika mdogo wake ndipo wanawake waliokuwa mkutanoni walipomwambia ukweli: mumeo hakufungua mdomo siku ile ila wakati wa chakula, alipoomba chumvi.

Hakugomba. Alichukua fulana yake ya chama akaifanya tambara la kupigia deki. Aliendelea kuishi na mumewe, na kumpenda alimpenda. Ila tangu siku hiyo, kila alichoambiwa na Mncedisi alimuuliza na mtu wa pili, hata kama ni bei ya mkate. Mncedisi alikuwa akiliona hilo kila siku na likimuuma.

Jumatatu jioni simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mwenyekiti wa tawi.

"Komredi Katibu, kesho tume wanapita kwako. Kura ya Mama tumeshaihesabu yetu. Safari hii tunaokota moja moja."

Aliusoma, akaigeuza simu kifudifudi mezani.

Kesho yake asubuhi wakaja. Binti wa tume akaingia chumbani, mwenzake akabaki sebuleni na sanduku. Mncedisi alimtambua yule binti mara moja. Mama yake alikuwa na saluni mtaa wa pili, na habari ikiingia kwenye saluni ile haikai ndani. Binti akaeleza taratibu kwa adabu, akahakikisha kwa Thozama mwenyewe kwamba amemchagua mumewe, kisha akamwambia Mncedisi, kama anayeongea na baba yake:

"Tata, mkipenda naweza kubaki hapa nishuhudie. Wazee wengine hupendelea hivyo, ili roho zao zitulie."

"Hapana," Mncedisi akasema haraka. "Tuachie chumba."

Binti akatoka, akavuta mlango. Mncedisi alikuwa anawaza kata nzima ikiambiana kwamba mkono wa katibu umempa kura adui. Aliwaza aibu yake tu. Hakuwaza mtu aliyelala pale, asiyeona, amesikia nini. Thozama alikuwa amesikia mumewe akimtoa shahidi.

Mncedisi akakunjua karatasi juu ya sinia la chai. Nembo ya chama ilikuwa ya kwanza juu kabisa. Jina la Sista Nobantu lilikuwa chini, kama lilivyosomwa. Mkono ukaelea juu ya karatasi. Nani angejua?

"Mbona kimya?" Thozama aliuliza.

"Nikuulize, MaMiya. Wewe umetoka, sawa. Mimi nikitoka, nabaki na nini? Kule ndiko nilikokupata."

Thozama akajibu kwa sauti yenye huruma.

"Mimi nilishashuka kwenye lile benchi zamani, Bhele. Wewe ndiye umebaki unaliangalia."

Machozi yakamjaa Mncedisi. Kumbe miaka yote alikuwa akienda mikutanoni kumtafuta mtu aliyekuwa nyumbani kwake anakaanga vitunguu. Akashusha mkono mpaka mwisho wa karatasi, akaweka alama mbele ya jina la Sista Nobantu, akaikandamiza mpaka kalamu ikakaribia kutoboa. Akakunja, akatia kwenye bahasha, akaifunga, akamwita binti. Sanduku likaondoka.

"Umeweka?" Thozama aliuliza.

"Nimeweka."

"Kwa Sista Nobantu?"

"Kwa Sista Nobantu."

"Sasa binti ulimtoa ya nini?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini, kama uliweka nilikotaka mimi?"

Mncedisi akaanza kueleza habari za saluni, za mwenyekiti, za maneno ya watu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwenyewe akiongea kama mwongo. Akaacha. Akatoka mbio na kandambili zake, akamkuta binti nyumba ya tatu, akamwomba arudi amwambie mkewe.

"Nimwambie nini, Tata? Bahasha ikishafungwa haifunguliwi. Na mimi sikuona. Wewe uliniambia nitoke."

Akarudi, akapiga magoti kando ya kitanda.

"MaMiya, naapa kwa kaburi la mama yangu."

"Usimsumbue mama yako." Mkono wa Thozama ukapapasa, ukaupata uso wake. "Nisikilize. Mimi sina muda wa kukasirika tena. Hata kama uliwawekea watu wako, nimekusamehe. Na lile la Nomalizo pia. Yote nimesamehe."

"Lile nilitenda. Hili sikutenda."

"Basi, mume wangu. Nimeshasamehe, usiniharibie."

Akalala ameushika mkono wake. Siku ya pili, watu wakiwa kwenye foleni ya kura pale shuleni, Thozama akakata roho. Mncedisi hakwenda kupiga kura.

Chama kilishinda, kwa kuponea chupuchupu. Jumamosi ya mazishi hema likajaa, akina mama wako kwenye masufuria nyuma ya nyumba, Sista Nobantu akiwa miongoni mwao na mwiko mkononi. Lindelwa alikuwa amekaa karibu na baba yake. Mwenyekiti akasimama na bendera ya chama mikononi, tayari kuitandaza juu ya jeneza.

"Huyu mama alikuwa haoni," akasema, "lakini hakupotea njia. Kura yake ya mwisho alitupatia sisi akiwa kitandani, katibu wetu akimshikia kalamu. Wangapi wana uaminifu huo?"

Watu wakapiga makofi, wimbo ukaanzishwa. Mncedisi akasimama. Wakadhani anataka kusaidia kushika ncha ya bendera.

"Ikunje hiyo, Mwenyekiti."

Wimbo ukakatika.

"Hakuwapa ninyi. Alimpa Sista Nobantu, na aliyeweka alama ni mimi, kwa mkono huu. Na kuna jambo lingine. Miaka ile mdogo wake anaumwa, alinituma niseme neno mbele yenu. Nikanyamaza, nikaja kumdanganya hapa hapa nyumbani. Neno lenyewe nalisema leo. Watu walikuwa wanakufa, na sisi tulikuwa ukumbini tunakula."

Mwenyekiti aliikunja bendera, akatoka na watu wake, viti vyao vikabaki wazi. Kule nyuma Sista Nobantu aliweka mwiko chini akalia. Mzee mmoja wa kanisa akaanzisha pambio, na jeneza likatoka halina kitu juu yake.

Makaburini, watu walipokuwa wakirudi kwenye mabasi, Lindelwa alimshika baba yake mkono. Tangu afike walikuwa hawajazungumza hasa.

"Tata, Mama alijua? Ulimwambia kwamba uliweka alikotaka?"

"Nilimwambia."

Lindelwa akashusha pumzi ndefu, akaegemeza kichwa begani kwa baba yake.

"Namshukuru Mungu. Akasema nini?"

Mncedisi aliutazama udongo mbichi mpaka macho yakamuuma.

"Alinisamehe," akasema.